Barua ya wazi kwa wanangu wa bendi: mtajeni mpiga besi

Wanangu mnaopiga zilipendwa kumbini,

Salamu kwenu nyote, na poleni na mikesha. Nawaandikia nikiwa na kinyongo, wala sitakificha, kwa sababu mzee akificha hasira huishia kuwanung'unikia watu wa nyumbani kwake ambao hawana kosa lolote.

Majuzi nilialikwa harusini hapa Tanga. Bendi ilikuwa ya rika lenu, vijana nadhifu wanaoijua kazi, na ilipofika saa tano usiku wakaanza kupiga "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Goti langu ni bovu, lakini nilisimama. Nikasubiri besi iingie, na ilipoingia nikaona kuna jambo halikai sawa, nikanyanyua macho jukwaani. Hapakuwa na mpiga besi. Kijana wa kinanda alikuwa akiibonyeza besi kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiigiza saksafoni. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kiongozi wa bendi, naye akanijibu kwa adabu zote kwamba malipo yalitosha watu sita tu, na kwamba besi hakuna anayeisikiliza. Baadaye akawatambulisha wenzake mmoja mmoja, hadi fundi mitambo, kisha akawashukuru wakongwe waliotuachia wimbo ule. Akamtaja John Ngereza, akamtaja Issa Juma, akamtaja Profesa Omar Shabani wa gitaa la ridhimu. Tom Malanga hakumtaja.

Tom Malanga ndiye aliyekuwa mpiga besi wa Les Wanyika tangu kundi hilo lilipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Sikilizeni kazi yake kwa utulivu. Besi ile haikimbii wala haijionyeshi. Inatamka maneno machache, inanyamaza, na pale iliponyamaza ndipo ridhimu ya Shabani inapopata nafasi ya kupita. Mkimwondoa, waimbaji watabaki na maneno yao mazuri, lakini wachezaji hawatajua mguu uanguke wapi. Kinanda kinaweza kutoa noti zilezile, sikatai, lakini hakijui kuzikata, na utamu wa besi ya rumba umo katika mahali noti inapokatwa.

Huyo kiongozi wenu nilimkasirikia usiku kucha, ila asubuhi nikakiri kwamba hakusema uongo kabisa. Mjukuu wangu aliniwekea wimbo uleule kwenye simu yake, nikamwambia anionyeshe besi iko wapi, akashindwa, nami pia nikashindwa. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiupiga wazi hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu, yenye upana wa ukucha, haina kifua cha kuisukuma hewa kwa uzito huo. Kinachotufikia ni kivuli chake tu. Kwa hiyo ninyi mnaojifunza nyimbo za wazee kwa kuzisikiliza simuni mnajifunza wimbo uliokatwa miguu, kisha mnakuja kutuambia kwamba haukuwa na miguu. Tafuteni spika kubwa, au walau visikilizio vizuri vya masikioni, kabla hamjahukumu.

Sasa niseme la majina, ambalo ndilo lililonitoa kitandani. Katikati ya miaka ya 1970 bendi yetu ilikwenda Nairobi kurekodi, kama walivyofanya Watanzania wengi wa wakati huo. Tulisafiri kwa basi, tukalala watano chumba kimoja, tukapiga wimbo mara nne kwa sababu mwimbaji alikuwa na mafua, na kila mara besi yangu ilianza upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Santuri ilipotoka, ile karatasi ya duara ya katikati ilikuwa na jina la wimbo, jina la bendi, na jina la mtunzi. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa haikuwa na ubaya wa peke yake. Ndivyo zilivyoandikwa santuri nyingi. Niliipeleka nyumbani kwa fahari. Mama yangu, ambaye alikuwa amejifunza kusoma ukubwani kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, aliizungusha ile santuri mikononi, akaisoma pande zote mbili huku midomo ikicheza, kisha akaniuliza, "Wewe umeandikwa wapi?" Nikamweleza kwamba wapiga vyombo hawaandikwi. Hakusema neno. Alichukua penseli ya shuleni ya mdogo wangu, akaliandika jina langu chini ya la mtunzi, kwa herufi kubwa zilizopinda. Santuri hiyo ninayo hadi leo, imechakaa haipigiki.

Wala msidhani ni ugonjwa wa kwetu pekee. Kule Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi zilizoipa kampuni ya santuri ya Motown utajiri, akitumia kidole kimoja tu cha shahada, na dunia ikacheza miaka kadhaa bila kumjua. Jina lake lilikuja kuandikwa kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, mwaka 1971. Alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 47, na heshima kubwa za wanamuziki wa Marekani zilimfuata kaburini mwaka 2000. Nasi tunaoipenda rumba ya Kongo, tunamlilia Franco, kiongozi wa bendi ya OK Jazz, kila tunapokutana, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja Mpudi Decca au Flavien Makabi waliompigia besi katika OK Jazz? Ule wimbo wa uhuru wa Kongo uliorekodiwa Brussels mwaka 1960 tunaujua kwa majina ya Kabasele na Dokta Nico. Brazzos, aliyeazimwa kutoka OK Jazz kwenda kuwashikia besi, amebaki kuwa swali la wazee wanaobishana kahawani.

Watangazaji wetu nao wana deni. Huupiga wimbo wa dakika tisa, wakaongea katikati ya chemko, mahali ambapo hakuna mwimbaji na besi ndiyo iliyoubeba mzigo wote, kisha wakamsifu mwimbaji. Mpiga besi akifa, tangazo husema amefariki "mwanamuziki mkongwe wa bendi fulani," basi. Jamii inayojua mshahara wa mchezaji wa mpira wa Ulaya haiwezi kujitetea kwamba majina ni mengi mno kukumbukwa.

Mengine nayasema kwa ufupi kwa sababu mnayajua. Besi na dramu wafanye mazoezi wawili peke yao kabla ya bendi kukutana. Malipo yagawanywe sawa. Mpiga besi asiwe mtu aliyeshindwa kupiga solo. Msiongeze noti kwa kuwa tu vidole vinawasha.

Wewe kiongozi wa bendi ya ile harusi, nimekusema hadharani lakini jina lako nimelihifadhi, maana una kipaji na ulinijibu kwa heshima. Gitaa langu la besi bado lipo chini ya kitanda, ndani ya kitenge. Shingo yake imenyooka, uzi wa pili umekatika, na silipigi tena kwa sababu ya vidole. Mtafute kijana, umlipe kama mtu wa saba, umlete siku yoyote baada ya swala ya alasiri. Aje na uzi mpya, na akifika aniambie nani alipiga besi kwenye wimbo anaoupenda kuliko zote. Akijua, gitaa ni lake.

Ni mimi mzee wenu,
mpiga besi mstaafu, Tanga