Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Utamaduni

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, mlezi wa klabu yetu, walimu, wazazi, wazee wetu mliovuka feri kutoka Likoni tangu alfajiri, na wanafunzi wenzangu: asalaam aleikum, na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Muziki tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Kisauni, Mombasa. Karibu sana, mama. Tumeandika barua nyingi huku na huko mwaka huu, kuomba muziki wa ala zetu upigwe moja kwa moja redioni, na jibu lililokuja lilikuwa lako peke yake, wewe wa redio ya umma. Kwa hivyo ukiona tunakutazama sana, tuwie radhi.

Uliponipigia simu kupitia ofisi ya mlezi, uliniuliza swali moja ambalo sikulijibu vizuri: watoto wa siku hizi wana nyimbo zote za dunia kwenye simu, mwataka redio ya nini? Nilisema "ndiyo, mama" kama mara nne, nikakata. Risala hii ndilo jibu. (Na Mwalimu Mkuu ashuhudie kwamba humu shuleni simu hatuna.)

Klabu yetu ilianza na wanafunzi sita na tari moja lililopasuka. Leo tuna matari, taishokoto moja (kinanda cha nyuzi chenye vibonye), makayamba mawili, ngoma za chapuo na msondo, filimbi ya chivoti, na udi, ile ala ya nyuzi, ambao si wetu. Ni wa mzee wetu wa Mji wa Kale, aliyeketi pale mbele na kofia ya vito. Kila Jumamosi hutufundisha barazani kwake Kibokoni, na kabla hatujagusa uzi hutupa kisa. Haya nitakayoyasema ya zamani tuliyatoa kwake, kisha tukayasoma ili tuhakikishe.

Alituanzia na santuri. Zile za kale, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, basi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenziwe walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilibidi nyimbo ziingie humo. Wimbo ambao harusini ungekwenda nusu saa, mwimbaji akirudiarudia ubeti kwa sababu bibi mmoja ameinuka kutunza, ulikatwa ukawa kijipande. Chombo chenyewe ndicho kilichobana. Hapakuwa na wa kulaumiwa.

Redio ndiyo iliyofungua mlango huo. Matangazo yalipoanza Kenya mwaka 1928 yalikuwa ya Kiingereza, ya walowezi. Kiswahili kiliingia kwa nguvu wakati wa Vita vya Pili, maana kulikuwa na askari wetu ng'ambo na jamaa zao walitaka habari. Baadaye, bado mkoloni yupo, mji huu ukawa na kituo chake, Sauti ya Mvita, na vikundi vya hapa vikaingia studio na ala zao na kupiga moja kwa moja. Mzee anasema hewani ubeti ulikuwa haukatwi kwa sababu ya santuri kuisha. Mimi nilidhani ni jambo dogo. Ndipo akatupigia wimbo mmoja mara mbili, wa kwanza kwa dakika tatu na wa pili wote mzima, na katika ule wa pili tukagundua kwamba lile fumbo lililoanza ubeti wa kwanza linafumbuliwa ubeti wa tisa. Kwa dakika tatu hulifikii.

Zikaja kanda. Hapa Mombasa kanda nyingi za taarab zilirekodiwa harusini kwenyewe. Ukiisikiliza kanda ya mwimbaji Juma Bhalo ya zama hizo unasikia vigelegele, viti vinavyoburutwa, mtu anayeitwa aje kula. Juma Bhalo tulimpoteza mwaka 2014. Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu na kuufanya mji huu kwake, naye ametutoka, na ukitaka kujua risha yake ilikuwa ikigusaje uzi, kanda hizo za harusini ndizo zinazosema kweli. Studio husafisha mno.

Tuliposoma zaidi tukaona wengine nao walipita njia hizi. Uingereza, kwa miongo mingi, BBC ilikuwa na makubaliano na chama cha wanamuziki na kampuni za santuri: saa za kupiga santuri hewani zilihesabiwa kwa siku. Saa zilizobaki zilitaka watu wenye ala mikononi. Kikwazo hicho kiliondolewa mwaka 1988, lakini kilikuwa kimeshawapa ghala la maonyesho yaliyorekodiwa studioni ambayo hayapo kwenye santuri yoyote. Na Marekani, katika jimbo la milima na makaa la West Virginia, redio ya umma ya jimbo hilo inarekodi kipindi kiitwacho Mountain Stage tangu mwaka 1983, mara nyingi mjini Charleston, mbele ya watu waliokaa ukumbini. Huja wapiga banjo na wapiga fidla wa vijijini, wakasikika nchi nzima. Fidla yao ni hii hii yetu, mama. Tofauti ni kwamba wao huishika huku kuna mtu kaleta maiki.

Sasa nikueleze ya kwetu.

Mwaka jana tulialikwa na kituo kimoja cha redio, jina tuliache, tukapige moja kwa moja hewani. Tulikuwa kumi na mmoja. Ilikuwa siku ya masika, mvua ilitupiga tangu Mwembe Tayari, na unajua ngozi ya mbuzi ikishika unyevu inalegea ikawa inatoa sauti ya gunia. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mahamri nje ya lango akatuonea huruma. Matari yakazungushwa juu ya jiko lake, moja moja, mpaka yakaanza kulia. Yule mama hakutaka hata senti, alitaka tu ngozi zisinuke kwenye mafuta yake.

Ndani tukakuta chumba cha watu watatu na kiyoyozi kama friji ya samaki. Udi tulioutengeneza nyuzi nje kwenye joto ukageuka, na udi huu una nyuzi kumi na moja, si kazi ya kusimama mlangoni na kumaliza. Maiki ilikuwa moja, ya mtangazaji, na chapuo likawekwa karibu nayo kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi. Sauti ya mwimbaji wetu ilisikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya kivuko.

Pamoja na hayo tulipiga. Nyanya yake mwenzetu mmoja, kule Likoni, alikuwa amewaita majirani, redio kaiweka dirishani. Tulipofika ubeti wa tatu, mtangazaji akatufanyia ishara ya mkono shingoni, ikaingia tangazo la kamari. Walikatiza beti zetu ili wauze kubeti kwao. Tulipotoka tukaambiwa kwa upole kwamba mara nyingine tulete wimbo kwenye flashi, dakika tatu, inatosha.

Dakika tatu! Santuri ya Siti imerudi, na safari hii chombo hakina kosa.

Hatukulia. Tulirudi shuleni tukaamua tufanye redio yetu wenyewe. Spika za paredi zipo, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tuna dakika arubaini. Jumba la kulia lina paa la mabati na kuta tupu, ukipiga kofi moja linakurudia mara tatu. Tukaomba magodoro ya bweni, tukayasimamisha ukutani, tukatundika kanga na leso madirishani. Mwalimu wa zamu alidhani tunahama.

Maiki tulikuwa nayo moja tu, ile ya matangazo ya asubuhi. Mzee ndiye aliyetufundisha kwamba hilo si tatizo, kwamba zamani watu walipangwa kwa hatua. Mwimbaji anasimama shubiri mbili kutoka kwenye maiki, uso ukiwa pembeni kidogo ili herufi P isipasuke. Udi hukaa chini yake, tundu likiielekea maiki, umbali wa mkono. Taishokoto, ambayo Mjapani aliibuni mwaka 1912 na ambayo vibonye vyake vinafanana na vya taipureta, ina mlio wa vidole unaoingia kabla ya noti, kwa hivyo inarudi nyuma hatua mbili. Matari hatua nne. Msondo ulianzia mlangoni kabisa, lakini mpigaji wake, Mdigo wa Kwale asiyejua kupiga polepole, tulimtoa nao hadi barazani nje. Anayetaka kusikika zaidi anasogea, akimaliza zamu yake anarudi. Ukiwatazama ni kama wanacheza.

Kayamba ndilo lililotusumbua zaidi. Ni matete yaliyofungwa bapa na mbegu za turituri ndani, na mwanafunzi mmoja aliyesikiliza kutoka uwanjani alikuja mbio kutuambia spika zimeharibika zinatoa "shhh". Tukajaribu tena na tena, mpaka tukajua kwamba kayamba halitaki kuelekezwa kwenye maiki. Linataka kutikiswa likitazama dari, ndipo zile mbegu zinasikika zikivuka kutoka upande hadi upande kama mvua inayohama mtaa.

Na hili ndilo jibu la swali lako, mama. Kwenye spika zile hakuna kufuta. Ijumaa moja mwimbaji wetu alisahau ubeti, akanyamaza, udi ukaendelea peke yake kumngoja, na jumba zima, watu wanaotafuna maharagwe, wakanyamaza nao. Alipoukumbuka, kelele zilizotoka zilimtoa Naibu Mwalimu Mkuu ofisini. Wimbo huo tumeusikia kwenye simu za nyumbani mara nyingi, haujawahi kunyamazisha mtu na sahani yake.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tuna maombi. Redio ya umma ni ya wenye kulipa kodi, na haina haja ya kukatiza ubeti kumuuzia mtu kamari. Tunaomba saa moja kwa wiki ya muziki wa ala za Pwani upigwe moja kwa moja, wimbo uishe pale unapoishia. Isiwe taarab peke yake: kuna ngoma ya sengenya ya Wadigo, kuna ngoma ya vugo ya kina mama wa mjini, na kuna wazee wa nzumari ambao pumzi zao, kusema kweli, hazitusubiri sana. Na ikiwezekana gari lenu la matangazo lije liliko ngoma. Sengenya ndani ya studio ni kumfunga ng'ombe sebuleni.

Tunaomba pia kila mnachorekodi kihifadhiwe na majina ya waliopiga, wote, pamoja na wa msondo aliyekaa nje. Tumekuta kanda nzuri mjini hapa ambazo juu yake pameandikwa "Taarab No. 2", na hakuna anayejua ni nani aliyepiga fidla ile. Kuhusu malipo, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mpigaji haki juu ya kutangazwa kwa anachokipiga. Sisi ni wanafunzi, nauli ya matatu na chai inatutosha. Lakini wazee wetu wana watoto wa kusomesha, na asante haipeleki mtu sokoni.

Nyuzi za udi ni taabu nyingine. Mji mzima tunahangaika, tunatia za gitaa. Ukikumbuka mtu anayesafiri kwenda Unguja au Misri, mama, utuombee seti mbili.

Mlezi wetu tunamshukuru kwa kutoa sahihi ya magodoro. Mama wa mahamri tulimtafuta tumwalike, yupo pale nyuma, na leo pia amekuja na jiko.

Kwa idhini yako, wenzangu sasa wataingia. Matari yameota jua tangu saa nne na yako tayari. Wimbo una beti kumi na mbili. Tunamwomba aliye karibu na ukuta azime ile feni ya kulia, maana inapuliza kwenye maiki.

Ni mimi katibu, kwa niaba ya wanaklabu.