Maandalizi ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi, Jumamosi tutachapa picha za familia kwenye kitambaa, hivyo kila mmoja alete kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri. Kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, kinafaa zaidi, kwa kuwa nailoni haishiki dawa ya kuchapia. Tutatumia sayanotaipu, njia ya kuchapa picha iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842, ambamo chumvi za chuma zilizopakwa kitambaani hugeuka buluu zikipigwa na jua na kusuuzwa kwa maji matupu. Picha za familia zibaki nyumbani salama. Nitumieni nakala kabla ya Alhamisi, nizigeuze negativu, yaani picha ambamo penye mwanga huwa giza na penye giza huwa mwanga, kwenye plastiki angavu. Mimi nitaleta kanga ya marehemu bibi, iliyopauka kwenye mji wake, yaani sehemu ya katikati, lakini jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, bado lasomeka, kwani natamani sana sura ya bibi ikae juu ya maneno aliyoyachagua mwenyewe. Baadaye msikifue kitambaa kwa magadi, yanafuta buluu.