Barua kwa mwanangu: hiyo "have" ya mstari wa pili

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata kwa mdogo wako, marahaba. Barua yako ya maombi ya kazi ameniletea kwenye simu yake, nimeisoma mara tatu na miwani, mara moja bila miwani. Umeandika vizuri kunishinda mimi niliyeshika chaki miaka ishirini na saba. Lakini mstari wa pili, mama: "I have graduated in 2024." Ondoa hiyo "have". Iondoe leo, kabla hujaenda nayo kwenye usaili.

Najua ilikotoka. Sisi tunasema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. "-Me-" yetu inapatana na jana, juzi na mwaka juzi. "Have" ya Waingereza haipatani nao. Ukishataja wakati uliokwisha, iwe "yesterday", "last week", "two years ago" au huo mwaka wako wa 2024, andika "I graduated" basi. Usipotaja lini, "I have graduated" inafaa kabisa, unaonyesha shahada unayoitembeza leo.

Na huyo aliyekuandikia ubaoni kwamba "nime" ni "I have", akapiga mstari kwa chaki nyekundu, naye alifundishwa hivyo hivyo. Darasa lilikuwa na watoto tisini, kanuni fupi ndiyo iliyoshikika. Tuyaache hayo.

Chini kidogo umesema "I am working in Dodoma since two years". Hapa nilicheka, halafu sikucheka. "Nafanya kazi tangu" ndiyo imekuponza. Sema "I have worked in Dodoma for two years". "For" hupima urefu: siku tatu, miaka miwili. "Since" hutaka pa kuanzia: "since Monday", "since January". Mtu mwenye shahada! Lakini "I have not applied anywhere else yet" umeipatia bila kufundishwa na mtu, maana "sijaomba" yetu ina "yet" yake tumboni, kama "nimeshaomba" ilivyo na "already".

Usaili ni saa nane mchana, sivyo? Wakikuuliza umefika lini Dar, jibu "I arrived this morning". Asubuhi itakuwa imeshapita. Ingekuwa saa nne, "Have you eaten this morning?" ingekaa sawa, asubuhi bado ipo.

Nilikupigia Jumapili mara nne, hukupokea. Sisemi kitu.

Jumatano ukishuka stesheni asubuhi usihangaike na daladala, chukua bodaboda ya yule kijana wa hapa mtaani, nitamlipa mimi. Fundi wa bati alichukua hela ya misumari, hajarudi, kwa hiyo chumba chako kinavuja upande wa dirisha, nimesogeza kitanda. Luku ya umeme imebaki uniti nne, ukiweza nirushie kidogo kabla hujapanda treni. Baba yako anataka zabibu, tena za mbegu, zile nyingine anasema hazina maana.

Gauni lako la bluu nimelipiga pasi. Viatu sijaviona.

Ukimaliza kurekebisha barua mtumie mdogo wako aniletee. Nitaanzia mstari wa pili.

Mama yako
Temeke