Theda Bara hakuangushwa na sauti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Theda Bara, mwigizaji wa filamu bubu wa Marekani, imesema kwamba sauti ilipoingia kwenye sinema, yeye akaishia hapo. Tarehe zinakataa. The Jazz Singer, iliyofungua mlango wa filamu za sauti, ilitoka Oktoba 1927. Kampuni ya filamu ya Fox ilikuwa imeachana na Bara tangu 1919. Mwaka uliofuata alipanda jukwaani Broadway, mtaa wa michezo ya kuigiza huko New York, katika The Blue Flame, akizungumza mbele ya watu usiku baada ya usiku. Wahakiki waliuponda mchezo huo, watazamaji wakajaa.

Kilichomwangusha ni kupewa kazi ile ile. Tangu A Fool There Was ya 1915, Fox ilimtaka awe mwanamke mlaghai anayewamaliza wanaume, filamu karibu 40 ndani ya miaka mitano. Watu wakakinai. Na hakuzaliwa Sahara, jamani! Huo ni utunzi wa watangazaji wa Fox. Ni Theodosia Goodman, binti wa fundi cherehani Myahudi, mzaliwa wa Cincinnati, Ohio, mwaka 1885.

Mmeandika pia kwamba filamu zake "zilipotea". Nyingi ziliungua, na sababu inajulikana. Mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya nitrati ya selulosi, ambayo ina oksijeni ndani yake yenyewe. Ikishashika moto, huizimi kwa maji wala kwa kuifunika. Ikiwekwa mahali penye joto pasipopita hewa, huoza: picha hufifia, mkanda hunata na kutoa malengelenge, rili nzima (gurudumu la mkanda) hugandamana, mwishowe hubaki unga wa kahawia. Kuoza huko hutoa gesi na joto, na gesi zikikosa pa kutokea, mkanda huweza kuwaka wenyewe. Tarehe 9 Julai 1937, siku za joto kali, ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea na rili zaidi ya 40,000. Cleopatra ya 1917, iliyochukua zaidi ya saa mbili, leo imebaki vipande vifupi tu.

Hata kidogo kilichosalia huoneshwa vibaya. Rili ya futi 1,000 ina picha 16,000. Ukiipitisha kwa picha 16 kwa sekunde, karibu na mwendo wa filamu bubu, inachukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa picha 24, kama filamu za sauti, inakwisha kwa dakika 11 na ushee. Ndiyo maana Bara anaonekana akirukaruka kama kikaragosi, na watu humcheka bure. Anayetazama A Fool There Was kwenye kompyuta apunguze mwendo hadi robo tatu, kisha amwangalie anavyogeuza shingo polepole kabla ya kuinua macho.

Na ile picha mliyoichapisha, yenye nyoka kifuani, ni ya mpigapicha wa studio, wala haikukatwa kwenye mkanda. Tafadhali sahihisheni maelezo yaliyo chini yake.