Kwa nini friji huzima usiku wa pili kambini Ruaha

Simu huingia alfajiri ya siku ya tatu, mteja akiwa amesogeza gari hadi mahali mtandao unaposhika. "Fundi, habari za asubuhi. Friji yako imekufa." Huwa namuuliza maswali mawili tu: jana mliendesha kwa muda gani, na gari limelala wapi? Majibu nayajua kabla hajayatoa. Jana hawakuendesha, walishinda kambini wakiangalia viboko mtoni. Na gari limelala chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizuri.

Friji haijafa. Ina njaa.

Tunakodisha Land Cruiser zenye hema juu hapa Iringa, na wateja wetu wengi wanakwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka wetu wa kwanza familia moja kutoka Dar ilirudisha gari siku moja kabla ya muda. Mama yule alinisalimia, akazunguka nyuma, akafungua mlango wa friji bila kusema neno. Ndani kulikuwa na mbuzi wa kilo nne waliyemnunua sokoni Iringa, ameoza, maji mekundu yametuama chini na yameanza kuchuruzika kwenye zulia la gari. Watoto walikuwa wamekula biskuti na maharage ya kopo kwa siku mbili. Kosa lilikuwa letu. Tulimwonyesha namna ya kukunjua hema na kuwasha jiko, lakini habari ya betri hatukumwambia. Tangu siku ile hakuna gari linalotoka getini kwetu kabla mteja hajasikia haya ninayoyaandika hapa, na nayaandika ili uyasome ukiwa bado nyumbani unapanga safari.

Gari letu lina betri mbili. Ya kwanza inawasha injini. Ya pili, ya ampea-saa 100 (yaani inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 100, au ampea 4 kwa saa 25), inalisha friji, taa za hema na sehemu za kuchajia simu. Kati yake kuna relei, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Injini ikiwaka na chaji ikapanda, relei inaziunganisha na altaneta, mashine ya kuzalisha umeme iliyo kwenye injini, inazijaza zote mbili. Injini ikizimwa, relei inazitenganisha, ili hata friji ikinywa betri ya pili yote, asubuhi gari liwake kama kawaida. Ndiyo maana mteja anayenipigia huwa anashangaa: gari linawaka vizuri, taa za mbele zinamulika, ila friji ndiyo kimya. Mfumo unafanya kazi yake sawasawa.

Sasa hesabu. Betri hizi za risasi na asidi hazitakiwi kushuka chini ya nusu, la sivyo zinakufa mapema. Kwa hiyo katika ampea-saa 100 una 50 za kutumia. Friji ikiwa inazunguka inavuta ampea 4 hivi. Hapa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba watu tumevaa masweta, na friji inazunguka kidogo sana halafu inatulia muda mrefu. Mteja anaijaribu uani kwetu, anaridhika. Kisha anateremka hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ambako mwinuko ni karibu nusu ya ule wa Iringa. Mwezi wa tisa na wa kumi mchana kule joto linapita nyuzi 35, na ndani ya gari lililofungwa vioo ni zaidi ya hapo. Friji ileile inazunguka nusu ya siku au zaidi. Ampea 4 kwa saa 12 ni 48. Zile 50 zako zimekwisha kwa siku moja.

Siku ya kwanza hulioni tatizo, kwa sababu umeendesha kilomita kama 120 kutoka Iringa, na altaneta imeijaza betri njia nzima. Usiku wa kwanza soda ni za baridi, kila mtu anafurahi. Siku ya pili mmepumzika kambini. Jioni betri iko nusu. Usiku wa pili, watu wamelala, friji inapima volti, inaona zimeshuka mno, inajizima yenyewe ili isiiue betri. Hakuna anayesikia.

"Lakini juu kuna paneli ya sola." Ipo, ya wati 120, na ndiyo inayowadanganya wengi. Jua likiwa kali inatoa ampea 6 hivi, na kwa siku nzima unapata kama ampea-saa 30. Chini ya mti hupati kitu. Wala usiseme kivuli kimegusa pembe tu. Vipande vya paneli vimeungwa kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kutoka kisimani: mmoja akisinzia, ndoo zote zinasimama. Tawi moja la mgunga likianguka kivuli chake katikati ya paneli, umeme unaokwenda kwenye betri unaweza kushuka hadi ukawa kama haupo.

Hapo ndipo mteja anabanwa, na sina namna ya kulipunguza jambo hili. Gari likikaa juani, paneli inakula vizuri lakini friji inachemka na wewe mwenyewe unachemka. Likikaa kivulini, mnapoa nyote na betri inakufa taratibu. Kwa miaka kadhaa tuliwaambia watu wasogeze gari mara tatu kwa siku kulifuata jua, na hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo, maana hema likishakunjuliwa na viti vikishapangwa nani anataka kukunja tena? Siku hizi tunakupa paneli ya pili inayokunjika kama mkoba, yenye waya wa mita 10. Gari linabaki kivulini, paneli unaitandika juani. Unachomeka kwenye tundu lililo ubavuni kushoto, taa ndogo ya kijani inawaka. Ukiondoka kwenda kuangalia wanyama, ikunje uiweke ndani, kwa sababu nyani hawawezi kuona kitu kipya bila kukichunguza, na tumeshapokea paneli moja yenye alama za meno.

Jambo la pili ni mita ya volti. Iko ukutani karibu na friji, na huhitaji kuwa fundi kuisoma. Isome alfajiri kabla jua halijachomoza na kabla hujawasha injini, kwa sababu injini ikiwaka mita inaonyesha chaji ya altaneta, haionyeshi hali ya betri. Ikisoma 12.7, betri imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, usisubiri: asubuhi hiyo panga mzunguko mrefu wa kuangalia wanyama, na injini iwe inatembea kweli. Kukaa na gari limewashwa hapohapo ulipo hakusaidii sana, altaneta inatoa kidogo injini ikiwa inanguruma polepole. Na betri ya aina hii nusu yake ya kwanza huingia haraka, lakini ile sehemu ya mwisho hujaa kwa saa nyingi, kwa hiyo nusu saa ya kwenda na kurudi getini haiifikishi mbali.

Tatu, na hili ndilo linalookoa umeme mwingi kuliko yote: friji inatumia nguvu zaidi inapopoza kitu cha moto kuliko inapokitunza cha baridi. Ukiweka kreti ya soda iliyoshinda juani Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kwenda hifadhini, umeipa kazi ya usiku kucha. Sisi tunaichomeka friji kwenye umeme wa TANESCO jioni moja kabla hujaja, ili uikute imeshapoa. Nyama igandishwe kabisa. Maji ya chupa matano, sita yagandishwe pia, yapange katikati ya nyama. Yatakaa kama barafu siku mbili halafu utayanywa. Friji iliyojaa vitu vya baridi inazunguka kidogo kuliko iliyo tupu nusu, kwa sababu kila ukiifungua hewa ya baridi inamwagika na ya moto inaingia. Watoto wapewe kisanduku chao cha vinywaji, wasifungue friji kila dakika tano.

Kuhusu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, naomba tuelewane. Iko ya kuchaji kompyuta na kamera. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160. Fyuzi itakatika kabla maji hayajapata uvuguvugu, na pasi au kikaushia nywele ni hivyohivyo. Ndiyo maana tunakupa jiko na mtungi wa gesi wa kilo 6. Chemsha chai kwenye gesi.

Kaka mmoja aliyekuja likizo kutoka Marekani aliniuliza kambini kuna nguzo gani ya kuchomekea umeme, kama alivyozoea kule na yale magari makubwa yenye kitanda na choo ndani. Swali zuri. Hata kule, hifadhi za taifa nyingi hazina. Yellowstone nzima, pamoja na ukubwa wake wote, ina kambi moja tu ya magari ambako unachomeka umeme na kuunga maji, inaitwa Fishing Bridge. Ruaha kambi za umma zina choo na mahali pa kuota moto, basi. Kambi maalumu, zile unazokodi ukae peke yako, hazina hata choo: unaingia na kila kitu, unatoka na kila kitu, taka zako zikiwemo. Mifuko ya plastiki usifungashie vitu, imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tunakupa vikapu na mifuko ya turubai.

Maji na mafuta nayapitia haraka kwa sababu hesabu zake ni nyepesi. Tangi la maji la gari ni lita 60, ni ya kuoshea vyombo na kuoga kwa kikombe. Ya kunywa nunua Iringa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku ukienda kiangazi. Mto usiutegemee, Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, kuanzia miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kila kiangazi na kubaki madimbwi, na kwenye madimbwi hayo ndimo mamba na viboko wamejibana. Dizeli jaza hapa Iringa matangi yote mawili. Kwenda na kurudi pamoja na siku tatu za kuzunguka ndani ni kama kilomita 500, na kwenye gia ndogo na mchanga gari linakwenda kilomita 6 kwa lita. Utatumia lita 80 na ushei, na zitakazobaki ndizo usingizi wako.

Chakula kikishaliwa jioni, kila kitu kirudi ndani ya gari na vioo vifungwe. Kambi hazina uzio. Fisi hubeba viatu, masufuria, hata kisanduku cha barafu. Matunda yenye harufu kali ndiyo ninayoyahofia zaidi, hasa machungwa: tembo anayanusa kutoka mbali, na gari kwake ni kopo la kufungua. Kule Mana Pools, Zimbabwe, wamekataza kabisa wageni kuingia kambini na machungwa. Sisi hatukupekui, tunakuomba tu uyamalize Iringa.

Na usiku ukisikia migunga ikitikiswa na maganda yakidondoka juu ya boneti, huyo ni tembo anakula. Baki juu hemani. Zima taa, usimmulike usoni, usishuke ngazi kwa sababu yoyote. Nimelala hivyo zaidi ya mara moja, nikisikia tumbo lake likinguruma hatua tatu chini yangu, pumzi yake ikipiga turubai, na akimaliza anaondoka kwa utulivu ambao huwezi kuamini kwa mnyama wa tani tano. Asubuhi utakuta nyayo zake kama sinia, zimezunguka gari lote bila kugusa hata kamba ya hema.

Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda, na wanakimbiza gari linalotembea kama wamelipiwa nauli. Hema zetu ni za kaki kwa sababu hiyo.

Malipo ya hifadhi ni kwa kadi au namba ya malipo, usitegemee fedha taslimu getini. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo panga muda wa kuingia kulingana na muda unaotaka kutoka. Mwendo ndani usizidi kilomita 50 kwa saa, na giza likiingia uwe umeshafika kambini.

Ukikodi kwetu, njoo saa mbili asubuhi, siyo saa nne. Tunahitaji kama dakika 40 na wewe uani: utakunjua hema mwenyewe, utasoma mita mwenyewe, utaichomeka ile paneli ya mkoba mara mbili, na utabadilisha fyuzi ya friji huku nikikutazama. Fyuzi za akiba ziko kwenye kisanduku chini ya kiti cha abiria, pamoja na waya wa kubusti. Kama kuna dawa inayohitaji baridi, insulini au nyingine, tuambie siku unapoagiza gari, siyo asubuhi ya safari. Tunakuwekea betri ya tatu, hatutozi kitu juu yake, na tutataka kukuona umeijaribu kabla hujatoka getini.