Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mafundi Elektroniki, Mbeya

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada nitayapita haraka, kitabu anacho mtunza hazina. Rambirambi zimefika zilikotakiwa. Wenye madeni wanajijua.

Nitakaa kwenye feraiti, ile kauri nyeusi ya viini vinavyosukiwa nyaya za transfoma na koili, maana ndiyo iliyotutoa jasho mwaka huu. Inveta na chaja za sola za wateja wa Tukuyu, Chunya na Mbarali zilirudi mezani transista zikiwa zimeungua, ingawa transfoma zilisukwa vizuri. Viini vilitoka duka moja la vipuri: vyote vyeusi, umbo moja, saizi moja, ila si vya aina moja.

Ndiyo sababu tukafanya semina. Feraiti ni kauri: unga wa oksidi ya chuma huchanganywa na oksidi za metali nyingine, hushindiliwa, kisha huchomwa kwenye tanuri, mara nyingi kati ya nyuzi 1,100 na 1,400 za Selsiasi. Hutokea fuwele iitwayo spineli. Metali hukaa kati ya oksijeni kwenye nafasi za aina mbili: zilizozungukwa na oksijeni 4 na zilizozungukwa na oksijeni 6. Zinki hupenda za 4, nikeli za 6. Mwaka 1948 mwanafizikia Mfaransa Louis Néel alieleza kwamba sumaku za metali za makundi hayo mawili ya nafasi huelekeana kinyume, na sisi tunapata tofauti yake tu. Kwa hiyo zinki, isiyo na usumaku wake, ikiongezwa kwa kiasi huongeza usumaku, kwa kuwa hulidhoofisha kundi dogo, lile la nafasi za 4. Hapo ukumbi ulibisha sana, hadi tukachora ubaoni. Zinki ikizidi, mambo huharibika.

Kwa umeme, feraiti ya manganizi na zinki hupitisha kidogo, kwa sababu elektroni huruka kutoka ayoni (chembe yenye chaji) moja ya chuma hadi nyingine. Viwanda huongeza kalsiamu na silika kidogo, zikae kwenye mipaka ya punje na kuziba njia hiyo. Ya nikeli na zinki karibu haipitishi kabisa. Hiyo ni ya masafa ya juu, kama kwenye redio. Ukiiweka kwenye inveta ya makumi ya kilohezi, koili inakosa nguvu ya kuuzuia mkondo, mkondo unapanda, transista inakwenda.

Kipimo cha kuzitofautisha ni rahisi. Kwangua rangi ya kiini, weka maltimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, gusisha ncha mbili juu yake. Ya manganizi kwa kawaida itasoma kitu, aghalabu kilo-omu. Ya nikeli haisomi. Fanyeni hivyo dukani, kabla ya kutoa pesa, hata muuzaji akinuna.

Jambo jingine: viini vyenye pengo katikati visibadilishwe na visivyo na pengo. Nishati ya chaja hutunzwa humo. Na kiini kilichovunjika kikiunganishwa kwa gundi, kinaongeza pengo.

Vijana waliuliza kama mawe ya Liganga, kule Ludewa, yangetupa viini. Magnetaiti yake ni spineli kweli, tena feraiti ya asili, lakini imechanganyika na titani na vanadi. Kiini kinataka oksidi safi, zilizopimwa. Kwa maoni yangu, tuliache hilo kwa wenye maabara.

Hoja ya kununua mita ya kupimia koili, itunzwe kwa katibu na kuazimwa kwa zamu, iko mezani. Naomba ipigiwe kura kabla ya chakula.