Chumvi ya Zanzibar haili gia: malalamiko yangu kuhusu baskeli ya resi mloniuzia

Kwa Meneja,
Duka la baskeli (jina nimelificha hapa, barua ikikufikieni mtajijua),
Dar es Salaam.

YAH: BASKELI ILOUZWA KWA JINA LA GIA 11 IKAJA NA GIA 10

Ndugu Meneja, asalaam aleikum, na kama salamu hiyo si yako basi habari za kazi. Mie ni mteja wenu wa Fuoni, Unguja, yule wa baskeli nyeusi ya milioni 3 na laki 2, risiti ninayo na picha yake mnayo kwenye wasap. Naandika barua kwa sababu simu zangu hampokei tena, voisi zinasikilizwa (tiki za buluu naziona) halafu kimya, na jibu la mwisho nlopewa na kijana wenu wa mauzo ndo limenikalisha chini niandike. Kanambia hiyo ni chumvi ya Zanzibar kaka, waranti haihusiki na kutu.

Sasa tuizungumze hiyo chumvi kwanza. Chumvi sisi tunaijua, tumezaliwa nayo, inakula bati la paa, inakula nondo ndani ya zege mpaka nguzo inapasuka, inakula bolti na waya za breki, hilo hakuna anaebisha. Lakini chumvi haili kisahani kizima cha gia kikatoweka halafu ikabakisha kumi safi zinang'ara. Kwenye risiti mmeandika kwa mkono wenu Shimano 105 R7000, gia 11 nyuma. Nimehesabu visahani vya nyuma, kumi. Kahesabu mke wangu, kumi. Mtoto wangu yuko darasa la pili kahesabu kwa kidole mpaka kajipaka grisi kiganja kizima, kumi.

Pengine kijana wenu hajui kwa hiyo nielezee. 105 ni seti ya gia ya Shimano, na ya R7000, ile ilotoka 2018, ni ya gia 11 basi, haina ya kumi. Ingekuwa R7100 iliyokuja baadae ningehesabu 12. Kumi ni Tiagra, ya Shimano hao hao ila daraja la chini ya 105, na Tiagra si gia mbaya wallahi, watu wanakwenda nayo mbali tu, ila bei yake si ya 105 na mie sikulipia Tiagra. Hiyo kaseti (yaani hivyo visahani vya nyuma vyote pamoja) mloniwekea namba yake ni CS-HG500-10, hiyo kumi ya mwisho ndo idadi ya gia zenyewe, alieitengeneza hakutaka kumficha mtu, mloficha ni nyinyi.

Na ingekuwa tatizo ni bei tu labda ningenung'unika nikanyamaza, ila mlichokifanya ni kuchanganya. Leva za kwenye usukani ni 105 kweli, direila ya nyuma, kile kinachoihamisha cheni, ni 105 kweli, hizo zinaisogeza cheni kwa hatua za gia 11. Visahani vya kaseti ya 10 vimeachana zaidi kidogo kuliko vya 11, kwa hiyo kila ukibonyeza leva cheni inasogea pungufu, ukiirekebisha ikae vizuri gia za katikati basi huku kwenye kisahani kidogo inanguruma na kule kwenye kikubwa inagoma, ukirekebisha kikubwa inaharibika huku. Kila asubuhi nazungusha kile kiskrubu cha waya nusu raundi kulia, nusu raundi kushoto, kwa sababu kijana wenu kanambia waya mpya unanyooka kaka vumilia. Waya gani huo unaonyooka haumalizi?

Nikampelekea fundi wetu pale Mwanakwerekwe, mzee wa Phoenix, maisha yake yote ni Phoenix na vibaskeli vya watoto, za resi anasema anaziona zikipita tu. Hakugusa leva wala waya. Kaipindua miguu juu, kashika kaseti kwa kidole gumba na cha shahada, kaitikisa. Tik, tik, tik. Kaniangalia. Kaitikisa tena kaweka na sikio. Kasema hii haikukazwa. Tukaazima ule ufunguo wa kaseti kwa mwenzangu, kafungua, karudisha, kakaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka, ile nati ya mwisho imeandikwa 40 yaani nguvu ya kukazia na nadhani sisi tuliipita. Kaitikisa: tik, tik. Mzee akakaa kwenye kigoda chake, kaishika kaseti mkononi anaigeuzageuza, akasema hapa pana pete haipo.

Na kweli haipo. Frihabu ya ringi mlizonipa, pale katikati kaseti inapovikwa, ni ya kaseti ya gia 11 ambayo ni pana zaidi, ukitaka kuweka ya 10 unatanguliza nyuma yake pete ya unene wa milimita 1.85, bila pete nati inafika mwisho wa uzi kabla haijaibana kaseti, ukaze usiku kucha haibani. Hicho kipete ni cha shilingi elfu chache. Na kwa kucheza kule kaseti imeshaanza kukata mifereji ya frihabu, ya alumini ile, picha nimekutumieni, alama zinaonekana kila kisahani na chapa yake. Mzee asowahi kushika kaseti ya resi kaligundua kwa vidole viwili. Nyinyi mna stendi, mna taa, mna fundi mlomshonea na fulana yenye nembo.

Lililoniumiza khasa (na sisemi kwa mfano, magoti yangu yana magamba mpaka leo) ni la njia ya Paje. Sisi tuna kikundi chetu kidogo, Jumapili baada ya sala ya alfajiri tunakutana Kwerekwe, wengine wana resi za mtumba zilokuja kwenye kontena, wengine za mlimani wamezivisha tairi nyembamba, tunashika Tunguu, Bungi, Unguja Ukuu, Jozani, Kitogani mpaka Paje, huko chai na mandazi kisha tunarudi jua halijawa kali. Akinamama wa njiani wanatuuliza mnafukuzwa na nani asubuhi yote hii. Sasa hivi ni kusi, maana yake ukishatoka kwenye miti ya Jozani unapigwa na upepo usoni mpaka pwani, kurudi unasukumwa raha, kwa hiyo kwenda ndo unazitaka gia zote ulizozilipia, na ndo hapo baskeli yenu iliponikatalia.

Tumeshapita yale matuta ya kuwapunguzia gari kasi kwa ajili ya kima punju, naanza kuchoka, nikabonyeza leva niingie gia nyepesi kabisa. Leva ina hatua ya 11. Kisahani cha 11 hakipo. Cheni ikaenda kukitafuta kwenye spoki. Na kile kiskrubu cha kuizuia direila isipitilize mlikiacha wazi, kwa hiyo hakuna kilichoizuia, cheni ikadondokea baina ya kaseti na spoki, ringi ikafunga hapohapo, spoki nne zikakatika pa pa pa pa, direila ikajikunja ndani, kile kipande cha alumini kinachoibeba kikapinda, na mie chini. Mwenzangu wa nyuma kanikwepa kwa ukucha. Nyuma yake ilikuwepo hiace ya watalii, dereva Mwenyezi Mungu amjaalie kheri alikuwa macho, alishika breki. Ningekuwa nimelala upande wa pili wa barabara sijui barua hii angeiandika nani.

Nikarudi mjini na gari ya Jambiani, baskeli ya milioni 3 imefungwa kamba juu ya keria pamoja na magunia ya mwani, na konda kanitoza nauli ya watu wawili, sikubishana nae.

Nilipokutumieni picha ndo mkanipa hiyo habari ya chumvi. Mkasema niipakie kwenye boti niilete Dar kwa gharama yangu, nilipe elfu 50 ya uchunguzi, kisha mkiona ni kutu nilipie na matengenezo. Yaani mwenye kosa ndo hakimu na ndo mwenye kutoza ada ya mahakama! Na lugha nayo ikabadilika, siku ya kulipa nlikuwa kaka mkubwa, kaka mkubwa karibu sana, nilipouliza pete nikageuka ndugu mteja.

Kutu mnayoisema iko wapi? Baskeli haijatimiza hata mwezi. Nikirudi kila mara naimwagia maji matamu, naifuta, natia mafuta ya cheni kiungo kwa kiungo, mke wangu anasema watoto siwaogeshi hivo. Nimepiga picha nati za kishikio cha chupa, waya za breki, cheni yenyewe, ambapo kutu ingeanzia kama ipo. Hamna doa. Kilichoharibika ni alumini ilokatwa na chuma kinachocheza na spoki zilokatwa na cheni, na vyote viwili vingetokea hata ningeishi Dodoma.

Mengine madogo nayataja haraka. Rimu zenu zina kina cha milimita 50, tyubu mbili za akiba mlonipa mdomo wake milimita 40, sasa upepo niutie kwa wapi? Na kile kiadapta cha shaba cha kuvisha mdomo mwembamba ili uingie pampu za kawaida kwenye risiti kimo, kwenye boksi hakimo. Kwenu mnaweza kukiona kidude tu, lakini huku mafundi wote wa njiani wana pampu za mdomo mnene, mtu huna kiadapta na pancha imekukuta Kitogani basi baskeli unaibeba.

Fremu sina neno nayo. Saizi 54 mlonipimia kwa urefu wa mguu imenikaa sawasawa, mgongo hauumi, mikono haifi ganzi, rangi nzuri hata watu wananisimamisha kuiangalia. Nasema hivi mjue sitafuti sababu ya kurudisha kitu nlichokichoka. Mie baskeli naitaka, naitaka ile nlonunua.

Na mjue watu wa visiwani tunanunua kwa picha na kwa neno la muuzaji, hatuna duka la resi la kwenda kushika, kutikisa na kuhesabu. Tunatuma pesa halafu tunasubiri boksi bandarini Malindi. Kwa hiyo kilichoandikwa kwenye risiti ndo macho yetu. Wenzangu wawili kwenye kikundi walikuwa wanataka kuagiza kwenu, mmoja wao anatoka Chake Chake huyo ndo kabisa, boksi lake linavuka maji mara mbili, wameniuliza niwaambie nini na mpaka sasa nimewaambia subirini.

Nimeuliza pia kwa anaejua sheria. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake, imo kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na huko kwenu ipo Tume ya Ushindani, huku kwetu ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kote sijaenda bado, nimeanza na nyinyi.

Ninachotaka ni hiki. Kaseti ya CS-R7000 ya gia 11 mpya ndani ya boksi lake, cheni mpya maana ile imepinda viungo pale ilipobanwa, spoki nne na gharama ya kuinyoosha ringi, frihabu nyengine, kipande cha kubebea direila, na direila yenyewe kama ikijaribiwa haitakaa sawa, tyubu za mdomo wa milimita 80, na hicho kiadapta cha shaba. Kama kazi lazima ifanyike kwenu basi nitaipakia ringi ya nyuma peke yake kwenye boti, si baskeli nzima, na gharama ya mzigo mnaitanguliza nyinyi kwa namba ile ile nlokulipieni. Elfu 50 ya uchunguzi silipi, uchunguzi umeshafanyika Mwanakwerekwe. Nakupeni siku 14 tangu barua kukufikieni. Kama yote hayo mnaona mazito basi nirejeshesheni milioni 3 na laki 2 yangu na baskeli mje kuichukua wenyewe, ipo ukumbini, imefunikwa kanga.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha, na hesabu ya fundi, elfu 15 kwa kazi ya siku ile, hana kitabu cha risiti kwa hiyo kaandika kwenye karatasi ya daftari na namba yake ya simu chini. Kijana wenu akitaka kujua habari za pete ampigie, ila asimpigie mchana, mzee anapatikana baada ya sala ya alasiri.

Mteja wenu,
Fuoni, Unguja